Mzee wa maabara hanipi ufunguo, na wanafunzi wangu wanaandika namba wasizozielewa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Moshi. Nafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza ya bailojia, mwaka wa pili, somo la mbinu za maabara. Muhula huu nimekabidhiwa sehemu ya vifaa vya uchambuzi wa kikemia: spektrofotomita, mita ya pH na elektrodi zake, pamoja na HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima vitu vilivyochanganyika kwenye myeyusho. Darasa lina wanafunzi 60. Spektrofotomita ni moja. HPLC nayo ni moja, ililetwa na mradi ambao umeshakwisha, na inakaa chumba cha ndani chini ya kufuli.

Ufunguo anao mtaalamu wetu wa maabara, mzee anayekaribia kustaafu. Simvunjii heshima, zile mashine anazijua kuliko sisi sote wenye shahada. Lakini kila nikimwomba anifungulie, jibu ni lile lile: "Mwalimu, hawa watoto wa bailojia wataniulia mashine." Basi kinachofanyika ni maonyesho. Wanafunzi wanasimama nusu duara, ishirini ishirini, mzee anabonyeza, mimi naeleza, walio nyuma wako kwenye simu zao. Tukimaliza nawapa matokeo, wanakwenda kuandika ripoti.

Spektrofotomita angalau wanaigusa, ila sijui kama ni afadhali. Niliwapa praktiko ya klorofili ya majani ya mchicha, tunaitoa kwa asetoni kisha tunapima. Makundi ni 15. Ripoti 9 zilikuja na namba zilezile mpaka desimali ya tatu. Walidesa, wala hawakujificha. Na namba yenyewe waliyonakiliana ni 3.9 kwenye nanomita 663! Hakuna aliyeuliza kama inawezekana. Kundi jingine, kuveti zao, yaani vile vichupa vya kuwekea sampuli, zilianza kuwa na ukungu katikati ya kipindi, wao wakaendelea kupima tu.

Nilipowasema, binti mmoja akanijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, sisi tulikuja bailojia tukiikimbia kemia." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka, lakini nilirudi nyumbani sina raha.

Mkuu wa idara anasema niwaonyeshe video, mitihani iko karibu, na kitu kikiharibika bajeti haipo. Kwa hiyo naomba unisaidie: niendelee na maonyesho au niwaache washike? Nipeleke suala la ufunguo kwa mkuu wa idara kwa barua? Na hao waliodesa niwape sifuri?

N.B. Asetoni ikishatumika wanamwaga kwenye sinki. Ni sawa?

Mwalimu Bila Ufunguo, Moshi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Maswali yako sitayajibu kwa mpangilio ulioyaandika, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote umelipitia mbio: ile 3.9.

Mimi hiyo namba ningeitengea kipindi kizima. Spektrofotomita haijui klorofili ni nini. Inachojua ni mwanga ulioingia na mwanga uliotokea upande wa pili. Ikisoma 1, sehemu moja ya kumi ya mwanga imepita. Ikisoma 2, imepita sehemu moja ya mia. Ikisoma 3, moja ya elfu. Ukifika 3.9, kilichopita ni kama sehemu moja kati ya 8,000, na hapo mashine nyingi za kufundishia hazina tena cha kupima. Zinasoma mwanga uliopenya njia isiyo yake, na chenga za umeme wa ndani. Sasa mwambie mwanafunzi apunguze makali ya ule myeyusho mara kumi, apime tena. Kama 3.9 ilikuwa ya kweli, atapata 0.39. Akipata 0.6, amejionea mwenyewe kwamba mashine inaweza kusema uongo huku imewaka taa ya kijani. Tangu siku hiyo, akiona usomaji umepita 1 atapunguza makali bila kuambiwa, na akiona uko chini ya 0.1 atajiuliza kama alichopima si uchafu wa vidole vyake kwenye kuveti.

Na ule ukungu ni asetoni. Kuveti za plastiki za bei nafuu ni za polistirini, na asetoni inaila polistirini. Wale vijana walikuwa wanapima kuveti inayoyeyuka. Kwa klorofili tumia kuveti za kioo. Kioo cha kawaida kinatosha kwa sababu mnapima kwenye 663 na 645, huko ni mwanga mwekundu. Mkija kupima DNA kwenye 260, kioo hicho hakifai tena, kinauzuia mwanga wa urujuanimno; hapo zinatakiwa kuveti za kwatzi, na hizo mwachie mzee azifungie kabatini kwa moyo mweupe.

Mambo haya mawili yamekuja yenyewe mezani kwako na hayamo kwenye video yoyote ya mkuu wa idara. Hakuna aliyejua kuendesha bodaboda kwa kukaa kiti cha abiria. Kwa hiyo swali lako la kwanza nimeshalijibu: waache washike. Kinachobaki ni washike nini, kwa utaratibu gani, na nani awaruhusu.

Usianze na mashine. Wiki ya kwanza weka mezani maikropipeti, mizani na bika la maji. Kila mwanafunzi avute mikrolita 100 za maji, aziweke kwenye mizani, aandike uzito, arudie mpaka apate safu ndefu ya namba. Maji ya mikrolita 100 yana uzito wa gramu 0.1, hilo kila mtu analijua, kwa hiyo hakuna wa kudesa kwake: mizani inamwambia kama mkono wake unatetemeka, kama anaachia kitufe haraka, kama anachanganya kituo cha kwanza na cha pili. Wale wenye majivuno ndio wanaonyooka zaidi hapo. Tena zoezi hili halina gharama yoyote, maana hata maji hayahitaji kukenekwa.

Baada ya hapo ndipo waje stendadi, yaani miyeyusho ambayo kiasi cha kemikali kilichomo kinajulikana. Nasisitiza kila kundi litengeneze zake, hata kama inakuuma kuona kemikali inapotea. Mwanafunzi aliyepewa stendadi tayari hajui grafu yake imesimama juu ya nini.

Sasa kuhusu kuikimbia kemia. Yule binti usimcheke, ila mpe hadithi ya Mikhail Tswett. Kromatografia, ambayo ndiyo baba wa hiyo HPLC iliyofungiwa, haikuanzishwa na mkemia wa kiwandani. Tswett alikuwa mtaalamu wa mimea, Mrusi, aliyetaka kujua rangi zilizomo kwenye jani la kijani ni ngapi. Alipitisha dondoo la majani kwenye bomba la kioo lililojazwa unga wa chokaa, rangi zikaachana zikajipanga tabaka tabaka. Alilieleza jambo hilo mjini Warsaw mwaka 1903 na kulichapisha kwa kirefu mwaka 1906. Kwa hiyo mnapokamua mchicha kwa asetoni mnafanya kazi ya mtu wa bailojia mwenzenu. Hata spektrofotomita ya Beckman iliyotoka mwaka 1941, ile iliyozifanya mashine hizi kuwa za kila maabara, msukumo wake mmoja ulikuwa kupima vitamini A kwenye chakula, kazi ambayo kabla ya hapo ilihitaji kulisha panya kwa wiki kadhaa na kuwaangalia wanavyokua.

Lakini hadithi peke yake haitoshi. Wape swali linalowahusu. Nanyi mko Moshi! Mngekuwa mahali pengine ningehangaika kuwatafutia.

Nenda kwenye floraidi, ile ya kwenye maji ambayo ikizidi huharibu meno. Sehemu nyingi za miteremko ya Mlima Meru zina maji yenye floraidi nyingi, kwa sababu ya miamba ya volkano. Maziwa ya Momela yanafika mamia ya miligramu kwa lita. Maji ya Chai, pale barabara ya kwenda Arusha, ni eneo ambalo wenyeji hawahitaji mtafiti awaambie kuna shida, meno ya watoto yanasema. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4, kwa sababu vyanzo vingi vya Kaskazini visingepita. Pale Ngurdoto serikali ina kituo kilichofanya utafiti wa kuiondoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Bila shaka darasani una wanafunzi waliokulia Arumeru. Waambie walete chupa ya maji ya nyumbani, nao wa Moshi walete ya bomba, mwingine alete ya dukani, na mmoja alete magadi ambayo mama yake anapikia maharage, maana hata humo floraidi imo.

Naomba hapa uwe mtu mzima. Usimwite mwanafunzi mwenye meno ya kahawia mbele ya wenzake akawe mfano hai. Ameshataniwa vya kutosha tangu shule ya msingi. Akitaka kusema, atasema.

Kifaa ni ile elektrodi ya floraidi, ambayo huchomekwa kwenye mita ya pH inayosoma milivolti; kama hamna, ulizia pa kuiazima. Ina kichwa cha fuwele ya lanthanamu floraidi, haina taa, haina gesi, haina pampu. Ndiyo maana naipenda kwa wanaoanza: kila inachokosea unaweza kukifuata mpaka kwenye chanzo. Floraidi ikiongezeka mara kumi, usomaji unashuka kama milivolti 59 kwenye nyuzi 25. Basi wapime stendadi ya miligramu 0.1 kwa lita, ya 1 na ya 10, wachore. Mstari ukishuka 58 au 59 kila hatua, wako salama. Ukishuka 40, kuna kitu, nao wakitafute: je, stendadi zimekaa sana, fuwele chafu, au kuna mtu amesahau bafa?

Bafa ndiyo nusu ya somo. Inashikilia pH kwenye 5 na kitu, na inaifungua floraidi iliyokumbatiwa na chuma au aluminiamu. Bila bafa, kwenye asidi floraidi inajificha ikiwa imeshikana na hidrojeni, na kwenye maji ya magadi ule ubesi wenyewe unaidanganya elektrodi ikadhani ni floraidi. Waache kundi moja wapime magadi bila bafa na kundi jingine wapime yaleyale yakiwa na bafa, kisha uwakalishe wabishane. Usiwaambie jibu mpaka wachoke.

Mtego mwingine mzuri uko kwenye uzani. Ukitaka stendadi mama ya miligramu 1,000 za floraidi kwa lita, unapima gramu 2.21 za sodiamu floraidi, kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito ule ni sodiamu. Kila mwaka kuna watakaopima gramu 1 wakaridhika, na myeyusho wao una miligramu 450 hivi. Usiwazuie. Watakapokuta maji ya bomba la Moshi yana floraidi zaidi ya mara mbili ya makundi mengine, watarudi wenyewe kwenye daftari. Ila sodiamu floraidi ni sumu: glavu, na pipeti hainyonywi kwa mdomo hata iwe maji matupu. Na myeyusho wote uwekwe kwenye vyombo vya plastiki, si kioo.

Umesema mashine moja kwa watu 60 kana kwamba ndiyo mwisho wa habari. Tazama saa. Kusoma sampuli moja kwenye spektrofotomita hakuzidi dakika. Makundi 15, kila moja na stendadi tano na sampuli tatu, ni usomaji 120, saa mbili tu za mashine. Foleni inakuja kwa sababu unawaanzisha wote pamoja, wote wanamaliza kutwanga mchicha pamoja, wote wanajipanga pamoja. Gawa darasa mafungu matatu: wa klorofili, wa elektrodi, wa mizani na hesabu. Wiki inayofuata wabadilishane. Na waanze kwa kupishana dakika kumi kumi. Ile mashine iwashwe mapema, nusu saa kabla, taa yake itulie; namba zinazotembea zenyewe asubuhi mara nyingi ni taa ambayo haijapata moto.

Nimefika kwa mzee. Barua kwa mkuu wa idara usiandike. Ukiandika, utapata ufunguo na utampoteza yeye, na mashine bila yeye ni boksi. Mwanangu, umewahi kumuuliza mara ya mwisho kiliharibika nini? Barua yako haisemi. Mtu hasemi "wataniulia mashine" hivi hivi. Kuna siku ameachwa peke yake na kitu kibovu na fomu ya maelezo. Kolamu ya HPLC, lile bomba linalotenganisha vitu, haiuzwi soko la Mbuyuni, na yeye ndiye anayeulizwa, si wewe.

Mwendee asubuhi kabla wanafunzi hawajaja, msalimie, kaa, muulize. Nadhani atakutajia moja kati ya haya: mtu aliingiza sampuli ya majani bila kuichuja kwenye chujio la mikroni 0.45, kolamu ikaziba. Mtu alitoka kwenye bafa ya chumvi akaenda moja kwa moja kwenye methanoli, chumvi ikaganda ndani ya mabomba. Mtu alichukua sindano yenye ncha kali ya mashine ya kromatografia ya gesi akachana muhuri wa kiingizio, wakati ya HPLC inatakiwa iwe butu. Au umeme ulikatika mashine ikiwa kazini. Chochote atakachosema, kiandike mbele yake. Kisha mwambie: "Mzee, haya ndiyo nataka yawe mtihani wao wa kwanza, na mtahini uwe wewe." Kila mwanafunzi apate kadi. Achuje sampuli mbele ya mzee, aonyeshe sindano sahihi, aseme shinikizo la pampu linapopanda ghafla atafanya nini (jibu ni kuzima pampu kwanza, kuuliza baadaye). Mzee akiridhika anaweka sahihi. Asiye na sahihi hagusi. Jina lake liingie kwenye ratiba ya somo, si "mtaalamu wa maabara" tu. Na kama idara yenu ina posho ya kazi za ziada, pigana aipate. Heshima ya maneno matupu kwa mtu wa umri ule inachosha.

Usimwombe afungue HPLC kwa watu 60 siku moja. Anza na makundi yaliyopata sahihi mapema. Wape kafeini ya kahawa, mko kwenye kahawa. Maji na methanoli, kolamu ya C18, mwanga wa nanomita 273, na kila mzunguko hauzidi dakika kumi hivi. Arabika ya Kilimanjaro ina kafeini kama asilimia 1.2 ya uzito wake, robusta ya Kagera inakaribia mara mbili ya hiyo, kwa hiyo mtu akipewa unga wa kahawa usio na jina anaweza kusema umetoka upande gani, kisha akamwonyesha mzee karatasi na mzee akakataa au akakubali. Kama kiingizio chenu ni cha mkono, shukuru. Ile ya kujiendesha yenyewe inafundisha kusubiri tu. Mbele ya safari, kama chuo jirani wana mashine ya gesi, mbege itawapa somo zuri la kilevi kwenye sampuli chafu. Ila ipelekwe kwa chupa yenye lebo ya sampuli, tusije tukaambiwa somo limehamia kilabuni.

Waliodesa. Sifuri ninaielewa, lakini fikiria wamejifunzia wapi. Baada ya kila maonyesho unawapa matokeo. Umewazoeza kwamba namba hutoka kwa mwalimu au kwa jirani, na kazi yao ni kuzipamba. Futa alama za praktiko ile kwa makundi yote tisa, wairudie na majani tofauti: huyu matembele, yule kisamvu, mwingine majani ya mgomba. Kuanzia sasa kila kundi lipate chupa yake ya sampuli fiche yenye namba, floraidi ambayo umeipima wewe na mzee na jibu lake mnalo ninyi wawili tu. Kudesa kutakufa kwa kukosa chakula.

Mengine ni daftari. Wino, si penseli. Kosa linakatwa mstari mmoja linabaki linasomeka. Na karatasi ya kaboni chini yake, nakala unabaki nayo kabla hawajatoka mlangoni. Na tafadhali usigawe alama kwa kulingana na jibu sahihi peke yake. Ukifanya hivyo unafundisha kuchakachua. Kundi lililopata miligramu 3 kwenye chupa ya 2 na likaandika kwamba mstari wao ulishuka 47 badala ya 59 na wanashuku stendadi ya 10, mimi nalipa alama nyingi kuliko lililopata 2 kamili bila kusema lolote.

Mkuu wako wa idara simlaumu. Anayeulizwa kuhusu pesa ni yeye. Usimpelekee hoja, mpelekee karatasi moja: vitu vitakavyotumika muhula mzima, kuanzia machujio, kuveti za kioo, chupa za plastiki, sodiamu floraidi na bafa, na mbele ya kila kimoja uandike bei ya duka mtakalonunulia. Tenganisha kwa mstari vitu vya HPLC na vya elektrodi, ili hata akikata vya juu, vya chini vibaki. Video mkubalie. Iwe ya kuangalia nyumbani usiku kabla ya mtihani wa kadi, wasije wakamuuliza mzee kitufe cha kuwashia kiko wapi.

Kuhusu sinki, hapana. Asetoni inashika moto upesi na mvuke wake unakaa kwenye mabomba. Weka chupa ya kioo yenye lebo na kifuniko, mbali na jiko na soketi, na uulize chuo taka za viyeyusho hukusanywa na nani. Wakisema hakuna, hilo ndilo la kuandikia barua. Mabaki ya floraidi yachanganywe na chokaa kwenye ndoo ya plastiki, yaachwe yatuame: kinachozama chini ni kalsiamu floraidi, ambayo karibu haiyeyuki majini. Na kabla ya kumwaga maji ya juu, mpe mwanafunzi elektrodi ayapime.